Yaliyomo Tumboni mwa Trauti

Guka alinifundisha kuvua trauti akiwa ameketi. Magoti yake yalikuwa yameshakataa miteremko, kwa hiyo alichagua jiwe bapa ukingoni mwa Mto Thego, akaegemeza mkongojo wake, akaanza kuniamuru.

"Mke wangu," aliniita, maana mimi ndiye niliyepewa jina la nyanya, "hapo uliposimama umeshawafukuza wote. Rudi nyuma, shuka chini ya kidimbwi, kisha uwajie kutoka mkiani."

Nilirudi. Trauti hukaa kichwa chake kikielekea kule maji yanakotoka, kwa sababu ndiko chakula kinakotoka. Anayemjia kutoka juu ya mto anatembea mbele ya macho yake. Anayemjia kutoka chini anakuwa nyuma yake. Nilipiga magoti kwenye changarawe, nikarusha mshipi mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ncha yake ilisita kidogo, nikainua fimbo, na samaki akaruka akiwa na madoa meusi na ukanda wa waridi ubavuni. Alikuwa na urefu wa shubiri moja na kidogo.

Guka hakushangilia. "Utamla?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Basi mpasue hapa hapa, unionyeshe tumbo."

Nilikuwa nimekwenda mtoni kupumzika kutoka kwenye tasnifu yangu ya uzamili, ambayo inahusu jinsi samaki huyu alivyofika kwetu. Swali la tumbo lilinirudisha kazini kabla mikono yangu haijakauka.

*

Trauti si mwenyeji wa Kenya. Mito inayoshuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya ina maji baridi yenye hewa nyingi, anayoyapenda sana, lakini hakuzaliwa humo. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza aitwaye Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na vifaranga wakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua, ambayo walowezi waliiita Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua, yule niliyemvua mimi, ana asili ya upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini na alifika baadaye, mwaka 1910, kupitia Afrika Kusini. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kuzalishia trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, ili mito isipungukiwe.

Nilipoanza utafiti nilikuwa nikizisoma tarehe hizi haraka haraka, kama mtu anayesoma majina ya vituo vya matatu. Guka ndiye aliyenifanya nisimame kwenye neno "mayai".

Yai la trauti ni kama punje ya njegere, na linakufa kwa joto. Katika maji ya nyuzi 10 za Selsiasi, yai la trauti wa kahawia huchukua takriban siku arobaini kuangua. Maji yakipata joto zaidi linaangua upesi, na yakizidi linaoza. Basi mtu anayetaka kulivusha kutoka Ulaya hadi nchi za kusini anashindana na saa. Jibu lilikuwa limepatikana miaka arobaini kabla ya Grogan, meli iitwayo Norfolk ilipopeleka mayai ya salmoni na trauti kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1864, yakiwa yamefungwa ndani ya kuvumwani mbichi na kuzungukwa na barafu. Safari ilichukua miezi mitatu. Mayai yaliyopona yaliangua kisiwani Tasmania, na tangu hapo Waingereza walijua kwamba popote watakapopata mto baridi wanaweza kujitengenezea kipande cha kwao.

Kwetu, reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, kwa hiyo mayai yangeweza kupanda garimoshi hadi Nairobi. Lakini mwaka 1905 hakukuwa na reli ya kwenda Nyeri. Kutoka Nairobi hadi Gura kulikuwa na mabonde na matope, na mzigo wa aina hiyo ulikwenda kwa miguu ya watu. Hebu fikiria mzigo wenyewe: unadondosha maji baridi shingoni, hauruhusiwi kutikiswa, hauruhusiwi kuachwa juani, na ndani yake mna kitu ambacho mbebaji hali. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki. Waliona ni jambo la ajabu, karibu sawa na kula nyoka. Historia imelihifadhi jina la aliyeagiza mayai. Mabega yaliyoyafikisha haikuyapa jina.

*

Kuna tarehe nyingine ya Grogan ambayo vitabu vya uvuvi huiruka. Mwezi Machi 1907, miaka miwili baada ya trauti kutiwa Gura, yeye na wenzake waliwachapa viboko hadharani wanaume watatu Wakikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi. Kosa walilodaiwa kulifanya ni kuwakosea adabu wanawake wa kizungu waliokuwa wakiwavuta kwenye rikisho. Hapakuwa na kesi wala hukumu. Mahali palichaguliwa makusudi ili serikali ione nani anatawala. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kosa la kukusanyika kinyume cha sheria.

Niliposoma habari hizi mbili katika wiki moja, nilishindwa kuzitenganisha. Mkono uliojali kwamba yai la samaki lisipate joto ndio uliomchapa mtu kiboko barabarani. Nilimsomea Guka aya niliyoiandika kuhusu jambo hilo. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umeandika vizuri. Sasa andika na habari za samaki."

Ndipo akanieleza alichokuwa hajawahi kunieleza.

*

Alizaliwa mwaka 1939. Akiwa na miaka kumi na mmoja alipata kazi ya Jumamosi na Jumapili kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akivua Thego. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba kimia na kikapu, kushikilia viatu wakati wa kuvuka, na kupasua samaki. Fimbo hakuruhusiwa kuishika. Akiipitisha kutoka garini alitakiwa kuibeba ikiwa ndani ya mfuko wake.

Ili kuelewa fimbo ile ilimaanisha nini, ni lazima turudi nyuma kidogo. Uvuvi wa nzi bandia ni ufundi wa kale. Aelianus, mwandishi wa Kirumi aliyeishi karibu na mwaka 200, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuwahadaa samaki wa mtoni. Uingereza ilipata kitabu chake cha kwanza kilichochapishwa kuhusu uvuvi wa ndoana mwaka 1496. Lakini kufikia mwisho wa karne ya 19, ufundi huo ulikuwa umegeuzwa kuwa adabu ya tabaka. Frederic Halford, aliyechapisha kitabu chake cha nzi wanaoelea mwaka 1886, aliheshimiwa mno na wafuasi wake, wakaifanya njia yake kuwa kama sheria: muungwana anavua kwa nzi anayeelea juu ya maji, anamrushia samaki aliyemwona, na anarusha kuelekea juu ya mto. Njia nyingine zilionekana kuwa za watu wasio na malezi.

Aliyewapinga ni mwanasheria mmoja, G.E.M. Skues. Mwaka 1910, mwaka ule ule trauti wa upinde wa mvua alipofika Kenya, Skues alichapisha kitabu kilichosema jambo lililowaudhi wengi: sehemu kubwa ya chakula cha trauti iko chini ya maji. Wadudu wa mtoni huishi miezi mingi wakiwa mabuu chini ya mawe, na huruka angani kwa muda mfupi tu kabla ya kufa. Anayesubiri samaki aje juu anasubiri makombo. Skues alijuaje? Aliwaua samaki wake, akachota kilichomo matumboni mwao, akakitia ndani ya kisahani cha maji na kukitazama.

"Sasa niambie," Guka aliniuliza nilipomsimulia, "huyo bwana alilipwa kwa kuandika hivyo?"

Nikasema nadhani aliuza vitabu.

"Mimi nilipasua samaki kila Jumapili kwa miaka miwili. Nilijua wanakula nini kuliko yule niliyembebea kikapu. Siku moja nikamwambia, Bwana, hawa wamejaa vidudu vya mawe, wala si nzi. Akacheka. Wiki iliyofuata akabadilisha chambo. Hakusema kitu, lakini kikapu kilikuwa kizito."

*

Hivi ndivyo nilivyofundishwa, na naviandika kwa sababu ni historia kama zilivyo nyaraka.

Kwanza, kabla ya kufungua fimbo, geuza mawe. Ingia mahali penye maji ya kifundoni, inua jiwe, tazama upande wake wa chini. Utaona mabuu bapa yanayokimbia kama vivuli, na mengine yaliyojijengea vijumba vya punje za mchanga. Hao ndio chakula cha siku hiyo. Chagua nzi bandia anayelingana nao kwa ukubwa kwanza, rangi baadaye. Watu wengi hukosa samaki kwa kutumia chambo kikubwa kupita kiasi.

Pili, usiyavue maji yote. Trauti ni bahili wa nguvu zake. Hawezi kupigana na mkondo mchana kutwa, wala hawezi kwenda mbali na mkondo unaomletea chakula. Kwa hiyo hukaa kwenye mshono, pale maji ya kasi yanapogusana na maji ya polepole: nyuma ya jiwe, mbele ya jiwe, chini ya ukingo uliobomoka, penye mstari wa povu. "Fuata povu," Guka husema. "Linapopita povu ndipo kinapopita chakula." Jua la ikweta likiwa utosini na maji yakiwa angavu, tafuta kivuli. Mvua ikinyesha juu mlimani na mto ukawa kama uji wa wimbi, kaa nyumbani. Ukianza kufanana na chai ya rangi, rudi.

Tatu, jifanye mfupi. Mwanga unapoingia majini hupinda, na kwa sababu hiyo samaki huiona dunia yetu kupitia duara lililo juu ya kichwa chake. Nje ya duara hilo, uso wa maji kwake ni kioo kinachomwonyesha sakafu ya mto. Mtu aliyesimama huonekana kutoka mbali. Aliyepiga magoti huchelewa kuingia kwenye duara. Vaa rangi za majani na usikanyage kwa kishindo, kwa maana ukingo hupeleka mtikisiko majini.

Nne, rusha karibu. Katika mito yetu myembamba iliyofunikwa na miti, mita tano au sita zatosha. Jambo la maana si umbali, ni jinsi chambo kinavyosafiri baada ya kutua. Mkondo wa kasi ukiushika mshipi, unamkokota nzi bandia na kumpitisha majini mbiombio, na trauti humwacha. Inua fimbo juu ili mshipi mwingi usiguse maji. "Nzi wa kweli hana kamba," Guka aliniambia, na nimeliandika sentensi hilo kwenye jalada la daftari langu la utafiti.

Tano, usingoje kuhisi mvuto. Trauti huonja na kutema kwa muda wa kupepesa jicho. Tazama pale mshipi unapoingia majini: ukisita, ukiyumba, ukienda kando bila sababu, inua kwa upole. Mara nyingi litakuwa jiwe. Inua hata hivyo.

Mwisho, ukimrudisha samaki mtoni, lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu mkono mkavu hukwangua ute unaomkinga na maradhi. Mshike akielekea mkondo hadi aondoke mwenyewe.

Hakuna hata moja kati ya haya ambalo Guka alifundishwa. Yote aliyaona akiwa ameshika kikapu.

*

Kazi yake iliisha mwishoni mwa mwaka 1952. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba, na misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, ambamo mito ya trauti inaanzia, ikawa uwanja wa vita kati ya wapiganaji wa Mau Mau na jeshi la Waingereza. Familia ziliondolewa kwenye makazi yao na kukusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Pembeni mwa msitu lilichimbwa handaki refu kuwatenga wapiganaji na chakula, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa kwa nguvu na wanavijiji. Mama yake Guka alichimba. Mtoto aliyekuwa akiingia msituni akiwa na kimia mabegani sasa angeweza kupigwa risasi kwa kuonekana mahali pale pale.

"Ulikuwa na njaa?" nilimuuliza.

"Sana."

"Na samaki walikuwapo?"

Alitazama maji kwa muda. "Walikuwapo. Lakini nilikuwa Mkikuyu, sikujua kwamba samaki ni chakula. Nilijua kwamba ni cha Bwana."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Kwenye semina yetu ya idara, mwenzangu mmoja alisema kwamba kumtetea trauti ni kuutetea ukoloni, na kwamba kama tuko makini tungemtoa kwenye mito yetu. Hoja yake si ya kupuuzwa. Trauti amebadilisha mito mingi duniani alikopelekwa, akala wadudu, vyura na samaki wadogo waliokuwapo kabla yake. Nami siwezi kujidai kwamba furaha ninayoipata fimbo inapopinda haina baba. Ina baba, na jina lake nimelitaja.

Nilimpelekea Guka hoja ya mwenzangu kama ilivyo. Alijibu bila kukasirika. "Samaki hakupanda meli kwa hiari yake. Hata chai hii tunayokunywa ililetwa. Mwambie mwenzako asiulize nani alimleta tu. Aulize nani alizuiwa kumvua."

Tangu siku hiyo sura ya tatu ya tasnifu yangu ilibadilika. Nilikuwa nikiandika historia ya mnyama aliyehamishwa. Sasa naandika historia ya ujuzi uliopatikana bila ruhusa. Nikaanza kuuona kila mahali. Kwa miongo mingi Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zinazofunga nzi bandia kwa wingi na kuwauza Ulaya na Marekani. Wanaowafunga ni wanaume na wanawake wanaokaa mezani na uzi, manyoya na ndoana ndogo kuliko ukucha, na wengi wao hawajawahi kurusha mshipi mtoni. Mvuvi wa Montana anapokamata samaki mkubwa na kupiga picha, huenda kilichomo mdomoni mwa samaki huyo kilifungwa Nairobi. Jina la nzi hutajwa. Jina la aliyemfunga halitajwi, sawasawa na la aliyebeba mayai.

*

Nilimpasua samaki wangu juu ya jiwe, kutoka nyuma hadi kwenye matamvua, kama Guka alivyonielekeza. Tumbo lilikuwa gumu na limejaa. Nililichana kwa ncha ya kisu na kumwaga yaliyomo kwenye kifuniko cha chupa chenye maji kidogo. Vilijitenga taratibu: mabuu meusi tisa, vijumba viwili vya mchanga, siafu mmoja na jani.

Nikampelekea. Macho yake yamefifia, kwa hiyo alikileta kifuniko karibu na pua. Akakizungusha kuelekea kwenye mwanga.

"Vidudu vya mawe," alisema. "Nilimwambia."

Nikamwuliza kama angependa kurusha, walau mara moja, kutoka pale alipoketi. Leseni niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa na jina langu, lakini hapakuwa na mtu wa kutuuliza. Aliichukua fimbo. Aliipima uzito, akagusa pete za mshipi moja baada ya nyingine kwa kidole gumba, kama mtu anayehesabu. Kisha akanirudishia.

"Ni nyepesi," alisema. "Nilidhani ni nzito."

Hakurusha, nami sikumsihi. Tulimchoma samaki kwa makaa jioni ile, kwa chumvi na ndimu. Guka alikula upande mmoja, polepole, akiitoa miiba na kuipanga pembeni mwa sahani. Nyanya, Mkikuyu wa kweli, alikataa hata kuonja.